"Ndiyo" naweza, "hapana" siwezi: shingo imegoma upande wa kulia

PatasiNaNyundo (Lamu):

Assalam aleikum wana jukwaa. Naomba msaada, ama hata maelezo tu manake nimechanganyikiwa. Mimi ni fundi wa nakshi hapa Langoni, nachonga milango na masanduku, na kazi yenyewe nakaa chini, ubao uko mbele yangu, nainama toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri halafu tena baada ya alasiri. Juzi nimeamka nahisi kama mtu kanipigilia msumari kati ya shingo na bega la kulia. Nikaenda zangu msikitini, rukuu sawa, sijida yauma kidogo lakini yaenda, kufika kwenye kutoa salamu upande wa kulia shingo ikakataa kabisaaa. Ilibidi nigeuke na kiwiliwili chote kama sanduku, jirani yangu kwenye safu akadhani namtafuta mtu.

Linalonishangaza ni hili. Kuitikia kwa kichwa, kama mtu asema ndiyo, naweza, kidevu kinashuka kinapanda bila ugomvi. Kutikisa kichwa kusema hapana, kushoto naenda vizuri, kulia naenda kiduchu tu nafika ukutani. Kwani shingo si moja? Vipi kipande kifanye kazi na kipande kigome?

La pili, kinyozi wangu yuasema niende anipige ile "tak!" ya kuvunja shingo, eti mfupa umeteguka ataurudisha mahali pake. Mamangu hataki hata kusikia, yeye anakanda na mafuta ya simsim kila usiku na dua juu. Nimsikilize nani?

BintiMkomani:

Pole kaka. Mamako. Hilo la nani wa kusikilizwa limekwisha lol. Feni ulilala nayo inakupiga moja kwa moja?

PatasiNaNyundo:

Feni iko, na mto wangu ni wa sufi mpya umejaa kama gunia la mchele. Sijui kama ndio.

MkasiNaKiwembe (Malindi):

Jamani msituharibie riziki. Mimi kinyozi miaka mingi, mteja nikimaliza kumnyoa namkanda kichwa, mabega, halafu namgeuza shingo huku tak, huku tak, anaamka mwepesi ananiongeza na kitu juu. Sijaua mtu hata mmoja. Mifupa huwa imekaa vibaya, ule mlio ndio mfupa unarudi nyumbani. Sasa huyu fundi aende tu, asiogope.

FizioWaMwambao (Malindi):

Waaleikum salaam fundi, pole. Kazi yangu ni fiziotherapia, na kupitia simu siwezi kukupima, kwa hiyo nakueleza mashine ilivyo na wewe utajijua. Itakuwa ndefu kidogo, mwenye haraka apite.

Umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Shingo si moja. Ina pingili 7, yaani vifupa vilivyopangana kimoja juu ya kingine, lakini mbili za juu hazifanani na zile zingine wala kazi yao si moja. Ya kwanza kabisa, ile iliyobeba fuvu, inaitwa atlasi, jina la lile jitu la hadithi za Wagiriki lililobebeshwa mbingu. Haina lile bonge la mfupa la mbele ambalo wenzake wanalo, ni pete tu, na juu ya pete kuna visahani viwili, fuvu limekalia hapo. Ukiitikia ndiyo kidogo kidogo fuvu linabingirika kwenye visahani hivyo mbele na nyuma. Hapo pana mwendo wa ndiyo lakini wa hapana haupo, ni kama sifuri.

Ya pili inaitwa aksisi, na hapa wewe utanielewa kuliko mwanafunzi yeyote. Ile milango ya kale ya Lamu si haina bawaba za chuma? Ubao wenyewe umeachiwa ulimi juu na chini, ulimi umeingia kwenye tundu, mlango mzima unazunguka hapo. Basi aksisi ina kijino cha mfupa kimesimama wima kimeingia ndani ya pete ya atlasi, na nyuma yake kuna kano moja imara sana inayopita toka upande mmoja wa pete mpaka wa pili, imekibana kijino kisirudi nyuma kikaugonga uti wa neva. Ukisema hapana, pete pamoja na kichwa chote vinazunguka kwenye kijino hicho. Kijana mzima anageuza shingo kama digrii 80 kila upande, na karibu nusu yake inatoka kwenye ulimi huo mmoja wa mlango! Nusu iliyobaki inagawanywa kidogo kidogo na pingili zote za chini.

Kati ya fuvu na atlasi hakuna diski, ule mto laini unaokaa kati ya pingili na pingili, kati ya atlasi na aksisi pia hakuna. Diski zinaanza chini ya aksisi. Kwa hiyo mtu akikwambia "diski yako ya kwanza kabisa imetoka" muulize ipi hiyo.

Huko chini, pingili ya 3 mpaka ya 7, mambo ni tofauti tena. Zina diski mbele, na nyuma kila ngazi ina viungo vidogo viwili vilivyolala mteremko, vinalaliana kama makuti ya paa. Kwa ajili ya mteremko huo, ukilaza sikio kwenda begani, pingili haziinami peke yake, zinageuka pia kidogo upande huohuo, hutaki unataka. Hizi ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kuinama ukichonga, na ndizo zinazoliwa na umri, hasa kati ya ya 5 na ya 7.

Sasa wewe. Pale ulipoelekeza msumari kuna msuli unaoanzia kwenye pingili 4 za juu unashuka mpaka pembe ya juu ya lile fupa bapa la bega, wazee wanaliita kombe la mkono. Msuli huu unapandisha bega, na bega likitulia unasaidia kugeuza shingo upande wake. Ukikasirika, kugeukia upande wake ndiko kunakouma, na mara nyingi kale kaungo kadogo ka mteremko jirani yake nako kanakuwa kamevimba, ni vigumu kutenganisha yupi ni yupi kwa kubonyeza tu. Mlango wa juu hauna kosa. Ndiyo yako ndogo inapona kwa sababu haimvuti huyo mgonjwa, hapana ya kulia inamwita kazini. Lakini jaribu ndiyo kubwa, kidevu mpaka kifuani halafu ukigeuze kidogo kushoto kama unaangalia kwapa la kushoto. Utaona alipo.

BintiMkomani:

Nimejaribu mimi nisiyeumwa na sasa naumwa 😂

FizioWaMwambao:

Hahaha polepole dada, si mashindano.

Namjibu kinyozi. Kaka, nakuheshimu na kunyoa kwenu hakuna mfano, kukanda mabega endelea, watu wanahitaji. Ila ule mlio si mfupa kurudi nyumbani, haukuwa umetoka. Kiungo kina ute ndani, ukikivuta ghafla presha inashuka na hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye ute inatoka kama mtu anafungua soda. Ni sawa na kuvunja vidole. Wepesi anaousikia mteja ni wa kweli, misuli inalegea kwa muda, lakini haumaanishi kitu kimepangwa.

Shida iko hapa. Pingili za shingo zina tundu ubavuni, kila upande, na ndani ya tundu hizo, kuanzia ya 6 kupanda mpaka ya 1, unapita mshipa wa damu unaokwenda ubongo wa nyuma. Ukifika juu ya atlasi mshipa huo unapinda kama mto, unalala juu ya pete, ndipo unaingia kwenye fuvu. Ni pale pale ambapo mlango unazunguka. Ukimgeuza mtu kwa kasi mpaka mwisho halafu ukaongeza, ngozi ya ndani ya mshipa inaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, kipande kikapanda kichwani, mtu akapata kiharusi. Haitokei kila siku, ni nadra, ndio maana unasema hujaua mtu na mimi nakuamini. Lakini inajulikana, imewapata hata vijana, na wewe kwenye kiti chako huna namna ya kujua mshipa wa nani ni dhaifu. Na shingo ambayo tayari imekaza kwa maumivu, misuli inapigana na mkono wako, unatumia nguvu zaidi.

MkasiNaKiwembe (Malindi):

Hilo la mshipa kupita ndani ya mfupa sikulijua wallahi. Basi mimi nitabaki na mabega. Lakini wateja ndio wanaodai, ukikataa wanaenda kwa jirani.

FizioWaMwambao:

Mwambie tu leo haifai, utaonekana mtaalamu zaidi.

TwigaWa1415 (Malindi):

Naingilia kati manake pingili 7 zimetajwa na hakuna aliyeitaja Malindi ipasavyo. Twiga naye ana 7! Zilezile 7 zako fundi, ila zake ni ndefu mno, moja yaweza kupita sentimita 25. Na mwajua twiga gani namaanisha. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga mpaka Uchina kwa mfalme Yongle, enzi zile za merikebu za amiri wao Zheng He, Wachina wakadhani ni yule mnyama wao wa baraka wa hadithi anayeitwa qilin, wakamchora. Lamu mlipeleka nini nyinyi? Punda?

BintiMkomani:

Punda naye ana 7, keti chini. Na nguva wa bahari yetu ana 7. Jamaa yake nguva anayeishi kule Amerika ndiye amepungukiwa, ana 6. Mamalia karibu wote ni 7, awe panya awe nyangumi, nilikuwa nafundisha bayolojia msinijaribu. Anayezidi kwa kweli ni bundi, ana 14, ndio maana anageuza kichwa digrii 270 akakutizama na mgongo umekupa. Mtu akiwa na 7 halafu ataka kugeuka kama bundi ndio mambo ya huyo kinyozi.

TwigaWa1415:

😂😂 nimekubali mwalimu

MamaKashata:

Asalam aleikum. Daktari samahani nimesoma yote. Mimi shingo hainiumi sana ila mkono wa kulia, kidole gumba na hiki cha shahada, vinafa ganzi, hasa usiku na nikiwa nimeinama kwenye karai kukaanga. Miezi miwili sasa. Wengine wanasema ni upepo, wengine damu haifiki. Ndio hayohayo ya shingo?

FizioWaMwambao:

Waaleikum salaam mama. Inaweza kuwa shingo, inaweza kuwa kiganja, na lazima upimwe kujua. Nikueleze kwa nini. Pingili ni 7 lakini jozi za neva za shingo ni 8, manake ya kwanza inatokea juu ya atlasi na ya nane inatokea chini ya pingili ya 7. Kila moja ina shamba lake kwenye mkono. Ya 6 inakwenda upande wa kidole gumba, ya 7 kidole cha kati, ya 8 kidole kidogo. Kwa hiyo anayelalamika kidole kidogo na anayelalamika gumba hawaumwi ngazi moja hata kama wote wanasema "mkono". Ganzi yako inaweza kuwa neva ya 6 imebanwa inapotoka shingoni. Ila kuna neva nyingine inabanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, nayo inaleta ganzi ya gumba, cha shahada na cha kati, na inapenda sana usiku na watu wanaokanda unga na kukoroga. Ukiamka ukakung'uta mkono ikapungua, nashuku kifundo zaidi. Ukitizama juu ukageukia kulia ganzi ikashuka mkononi, nashuku shingo. Nenda hospitali kabla mkono haujaanza kuangusha vitu, miezi miwili imetosha mama.

MamaKashata:

Nikikung'uta yapungua. Ahsante sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Jumatatu nakwenda.

NahodhaWaShela:

Wanangu mimi si msomi ila nimeona jambo niliseme. Mwaongea shingo na hamjasema la watoto wanaojirusha gatini kwa kichwa. Mimi nina mashua, niko pale kila siku. Maji yakijaa wanaruka hakuna neno, yakianza kutoka wao hawaangalii, wanapiga mbizi kwa kitwa mahali pa maji ya magotini. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja alitoka maji hana mikono hana miguu, yu hai, mato yatizama, mwili haujibu. Na sisi kwa ujinga wetu tulimshika huku na huku tukamtoa kama gunia, mpaka leo nakumbuka kitwa kilivyokuwa kikining'inia. Daktari hebu sema pale yafaa nini.

FizioWaMwambao:

Ami, ahsante kwa kuleta hili na pole kwa uliyoyaona.

Anayegonga kichwa chini ya maji, kichwa kinasimama na mwili mzima unaendelea kuja nyuma yake, shingo ndiyo inayokunjwa katikati. Mara nyingi inavunjika kwenye pingili ya 5 au karibu na hapo. Uti wa neva unapita ndani, ukiumia hapo miguu na sehemu kubwa ya mikono vinakwenda. Neva za 3, 4 na 5 ndizo zinazoendesha kiwambo cha kupumulia, kwa hiyo aliyeumia juu zaidi hata pumzi inamwisha palepale majini. Aliyebaki na pumzi ana bahati, na bahati hiyo inaweza kupotea kwa namna anavyobebwa.

Ukimkuta hivyo usimwinue. Mgeuze chali ndani ya maji, maji yenyewe yanambeba, kichwa na kiwiliwili vigeuke pamoja kama gogo moja, mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikae mstari mmoja na mgongo na asikiachie. Hakikisha uso uko nje anapumua, hiyo pumzi ndiyo ya kwanza kabla ya yote, hata kabla ya shingo. Halafu tafuteni ubao, na pale kwenu mbao hazikosekani hata wa mashua, uingizeni chini yake hukohuko majini, mfungeni, ndio mtoe. Watu wanne wanaokwenda polepole ni bora kuliko watu kumi wenye haraka. Usimkalishe, usimpe maji ya kunywa, usimjaribu shingo "eti uone kama yageuka".

NahodhaWaShela:

Nimesikia. Ubao uko, nitaufunga kamba niuweke tayari chomboni. Na hawa watoto kesho nawakusanya.

PatasiNaNyundo (Lamu):

Ami naujua mkasa huo, tulikuwa pamoja pale. Nikichonga ubao wa aina hiyo sitaki hela, nambie urefu tu.

Daktari maswali yangu mawili ya mwisho. Nifanye nini kwa sasa, na lini niogope?

FizioWaMwambao:

Kwa sasa, maumivu ya namna yako mengi yanaisha siku chache mpaka wiki moja hivi. Mama aendelee na simsim na kitambaa cha maji moto, hilo hana kosa. Usiifunge shingo wala usikae umeikaza kama sanamu, geuza taratibu mara nyingi kwa siku, kulia mpaka maumivu yanapoanza, rudi, tena. Chagua kitu cha kupimia, kaa mahali pamoja ukigeuka uone unafika wapi leo na kesho unafika wapi. Mto punguza sufi, kichwa kilale usawa na mgongo kisipande wala kisizame.

Na kazi. Kichwa cha mtu mzima ni kilo 4 na nusu mpaka 5. Kikikaa juu ya shingo wima ni kama mtungi juu ya kata, hakisumbui. Ukikiinamisha mbele kinakuwa kama ndoo uliyoishika mkono umenyooka, kilo ni zilezile lakini misuli ya kosi inalia. Kuna daktari mpasuaji wa uti wa mgongo kule New York, Kenneth Hansraj, mwaka 2014 alipiga hesabu kwa modeli ya kompyuta akapata kwamba ukiinama digrii 60 shingo inasikia kama kilo 27. Ni hesabu ya modeli, si mizani, na mimi siipendi sana inavyotumiwa kutisha watu wa simu, lakini mwelekeo wake ni huo. Pandisha ubao. Weka juu ya masanduku mawili, uulaze mteremko kama meza ya mchoraji, ubao uje kwako badala ya wewe kuufuata. Na kila ukimaliza ua moja la nakshi inuka, vuta kidevu nyuma kama mtu kakuletea samaki aliyeoza puani, hesabu tano, achia. Hiyo inaamsha misuli midogo ya mbele ya shingo ambayo watu wengi hata hawajui wanayo.

Kuogopa: ukipata homa na kichwa kinauma sana na KIDEVU ndicho kinachokataa kushuka kifuani, hiyo si stori ya msuli, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, hospitali saa hiyohiyo, usiku usiku. Ukianguka au ukigongwa. Mkono ukiisha nguvu, miguu ikianza kuyumba, haja ikikutoka bila habari. Au maumivu ya ghafla ya shingo ambayo hujawahi kuyaona, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito. Hayo hayangoji simsim.

TwigaWa1415 (Malindi):

Hilo la samaki aliyeoza nimelifanya kazini bosi akadhani namdharau

PatasiNaNyundo (Lamu):

Narudi kutoa habari, leo siku ya sita. Ubao nimeupandisha kwenye masanduku mawili ya soda, mwanzo mkono uliona ugeni, nyundo ilikuwa yapiga pembeni, nikaharibu jani moja la nakshi nikaligeuza likawa ua, mwenye mlango hajui na msimwambie. Mto nimetoa sufi nusu, mamangu ashaitia kwenye mto wake.

Kipimo changu kilikuwa msikitini, siku ile ya kwanza nikitoa salamu kulia naona bega langu tu. Siku ya tatu nikaona mkeka wa jirani. Jana magharibi nimegeuka mpaka mwisho nikaona uso wa mtu aliyekaa kulia kwangu, kumbe siku zote ni kinyozi.